Kiti cha Kidole Kimoja

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika Kimamba, mimi na mume wangu Ditram, na kiroba cha mchele wa Tindiga nyuma ya gari. Tulikuwa tumechelewa mazishi. Mzee Yared alishazikwa mchana, na wanaume walikuwa wamerudi kukaa chini ya turubai, wengine wakizungumzia mpira. Nilimwacha Ditram kwao, nikashusha mchele, nikajifunga kanga ya pili kiunoni na kuandaa uso wa kulia. Nisiwadanganye. Kumuaga mzee nilitaka, lakini kilichonitoa Mikumi hasa kilikuwa kiti chake.

Niwaeleze kwanza kuhusu hicho kiti, maana bila hivyo mtaniona mwendawazimu.

Mimi nina nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu. Vyumba ni vichache, lakini mgeni akiingia anatulia. Sina makochi ya manyoya yenye miguu ya simba. Sina kabati la vioo lenye maua ya plastiki. Vitu vyangu ni vya Wataliano wa zamani, wale waliosimamia mashamba ya mkonge na wale waliopita huku kujenga bomba la mafuta, wakaondoka na kuviacha. Nina taa ya mezani yenye mkono mrefu, unaisukuma kidogo na inabaki palepale ulipoiacha. Nina birika la kahawa la alumini ambalo halijawahi kumwaga tone pembeni, na feni ndogo inayozunguka bila kelele tangu kabla sijazaliwa. Watu waliochora vitu vile miaka ya hamsini na sitini walijua jambo ambalo mafundi wetu wa siku hizi hawataki kulisikia. Ukiondoa kila kisicho na kazi, kinachobaki ndicho kizuri.

Hata binadamu nawatazama hivyohivyo. Ditram, kwa mfano, ni Mpogoro wa Mahenge, mfupi, masikio makubwa, maneno hana. Anaendesha wageni mbugani. Ana mikono ya kazi na hana kilichozidi, na ndiyo sababu nilikubali anioe wakati wenzangu wanakimbilia wanaume wenye mapambo.

Kiti cha Mzee Yared kilivishinda vyote. Miguu yake ilikuwa myembamba, yenye pembe tatu, iliyochongwa mpaka unajiuliza inasimamaje. Kikalio kilikuwa cha kusuka, laini, na egemeo lilipinda kidogo tu, pale mgongo wa mtu unapopinda. Kiti kizima ulikiinua kwa kidole kimoja, na kilibeba mtu wa kilo mia bila kulia. Mgeni mmoja mchoraji wa majumba alinionyesha kwenye simu kwamba vya aina ile vimewekwa makumbusho huko kwao.

Na mzee alikitundika ukutani! Kwenye msumari, sebuleni, karibu na picha ya askofu. Kila nilipopita Kimamba nilimwomba aniuzie. Kila mara alikohoa kile kikohozi chake kikavu, mara mbili, akajikuna shingo, akasema hakiuzwi.

"Lakini kitazame, mwanangu. Macho hayana pazia. Kitazame vizuri."

Roho iliniuma kila nilipotoka mle ndani. Kiti kisichokaliwa ni tusi kwa aliyekichora.

Sasa, mzee alikuwa Mkaguru. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Kimamba kukata mkonge. Wanaojua mila wameshanielewa. Wanyamwezi na Wakaguru ni watani, na mtani msibani haombi ruhusa. Anamwigiza marehemu, anawasimanga wafiwa mpaka wacheke, anachukua kuku, jembe, hata suruali ya marehemu, na hakuna wa kumkataza. Alichochukua mtani kimekwenda. Ndivyo walivyotuachia wazee wetu, na sikuona ubaya kuutumia urithi wangu.

Nikaingia kwa kelele. Nikauliza nani kamruhusu mtumwa wangu kufa bila kunipigia simu. Nikawaambia wanawake waliokaa mkekani kwamba wanalia vibaya, waanze upya. Wakacheka huku wakifuta machozi. Nami nikawa nasogea sebuleni kidogo kidogo, macho ukutani.

Msumari ulikuwa mtupu.

Nikafunua pazia la chumba cha ndani bila hodi. Mle ndani mlikuwa na mwanga hafifu wa jioni na harufu... ile harufu chungu ya makapi ya mkonge yaliyooza kwenye maji. Lakini hapakuwa na mkonge pale karibu. Katikati ya chumba alisimama Donati, kitinda mimba wa marehemu, kijana wa miaka kama ishirini na tano. Alikuwa amenyoosha mkono wa kulia mbele yake, na kwenye kidole kimoja kilining'inia kiti. Mama yake, Bi Katarina, alikuwa amekaa sakafuni na kitabu cha nyimbo mapajani, akimtazama mwanawe bila kupepesa.

Nikajua mara moja. Wanakificha mtani asikione.

Donati alikuwa anatetemeka, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Nikadhani ni aibu ya kufumaniwa. Nikapiga kigelegele, nikaruka, nikakinyakua kiti kutoka kwenye kidole chake. Mkono wake ukaanguka ubavuni. Akakaa palepale sakafuni, akaanza kulia kwa sauti ndogo, mwanaume mzima, na mama yake hakumgusa.

Nikakipeleka uani, nikakiweka chini, nikakaa. Nikakohoa mara mbili, kikavu. Nikajikuna shingo. Nikasema "hakiuzwi" kwa sauti ya marehemu, na uwanja mzima ukaangua kicheko, mpaka wale wa mpira. Bi Katarina alikuwa ametoka mlangoni. Alinitazama nilivyokaa. Akatazama magharibi, ambako giza lilishashika. Akashusha pumzi.

"Umekichukua mwenyewe, mtani."

"Nimekichukua mwenyewe."

"Kwa mkono wako. Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, mama."

Ndipo naye akacheka. Alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango, mjane aliyemzika mumewe siku ileile, na wanawake wakakimbia kumshika wakidhani ni uchungu.

Tulirudi Mikumi usiku huohuo, kiti kimelala kwenye siti ya nyuma, na mimi nikiimba.

Kesho yake nilikiweka mapokezi, chini ya taa yangu ya mkono mrefu. Sijawahi kuona vitu viwili vikifaana vile. Siku nzima nilijipa safari za uongo ili nipite pale. Kila mgeni aliyeingia nilimwambia akiinue kwa kidole, na kila mmoja alinitazama kana kwamba nimemroga. Jioni, malori yalipoanza kuwasha taa barabarani, nilichukua ufagio nikataka kukisogeza.

Hakikusogea.

Nikashika kwa mkono mzima. Nikashika kwa mikono miwili. Nikainama kutazama miguu, labda nta ya sakafu imeigandisha. Hapakuwa na kitu. Nikavuta mpaka kiuno kikaniuma.

Kriiik...

Kikalio kilikuwa kinabonyea. Taratibu, katikati, ususi ukishuka, namna unavyoshuka anapokaa mtu mzito asiye na haraka. Na hapakuwa na mtu. Ile harufu ya mkonge uliooza ikaniingia mpaka kooni. Nikarudi nyuma hadi ukutani, ufagio mkononi, nikabaki hapo nikikitazama kiti, na nikahisi wazi kabisa kwamba nami natazamwa.

Giza liliposhika, ususi ulipanda wenyewe. Nikanyoosha kidole. Kiti kikainuka, chepesi kama mwanzo.

Sikumwambia Ditram. Najua mnauliza kwa nini. Angekitupa, na mimi nilikuwa bado nakitaka.

Jioni iliyofuata nilitoka sokoni na kikapu cha nyanya. Mapokezi palikuwa hapana mtu, na chini ya taa palikuwa patupu. Nikapita ukumbini mpaka uani, kwenye kamba za kuanikia. Ditram alikuwa amesimama kati ya mashuka, amenipa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, na kiti kiko kidoleni.

Nilidhani naye anacheza ule mchezo wa wageni. Nikamwambia aache utoto, kitaanguka kivunjike.

Hakugeuka. "Usikiguse," akanong'ona. "Nilikikuta mlangoni kwetu. Nikakiinua tu nipite."

"Kiweke chini basi."

"Siwezi."

Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Mkono ukaanza kushuka, kidogo tu, upana wa ukucha.

"Juu."

Sauti haikuwa ya Ditram. Ilitoka nyuma ya kisogo chake, pale pasipo na mtu. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, tulivu, isiyo na hasira wala huruma. Mkono ukapanda. Ditram alikuwa analia bila sauti, na machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye fulana. Mkono ukashuka tena.

"Juu."

Kisha nikasikia kikohozi.

Kikavu.

Mara mbili.

Kikapu kikaniponyoka, nyanya zikatawanyika uani. Kikohozi kile nilikijua. Nilikuwa nimekiigiza mwenyewe Kimamba, watu wakanicheka mpaka wakashika mbavu.

Giza liliposhika Ditram alianguka chini na kiti kikamlalia kifuani. Kidole chake kilikuwa kimevimba, cheusi kuanzia pingili ya kwanza. Nilimwosha, nikamfunga kitambaa, nikamlaza. Alikuwa ananitazama tu, na mimi nikazima taa mapema.

Asubuhi nilipakia kiti garini nikaendesha mwenyewe kupitia kijiji cha Ulaya na Kilosa mpaka Kimamba. Bi Katarina alikuwa barazani, kanga nyeusi, anapeta mpunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiache humo humo garini."

Akanionyesha kigoda nikae. Hakuwa na haraka, na alinisimulia bila kuacha ungo wake. Kulikuwa na Mtaliano, meneja wa shamba, mtu msafi asiyepiga kelele, ambaye aliletewa kiti kile kwa meli. Alikipenda kama mimi. Alikuwa akikiinua kwa kidole mbele ya wageni wake. Kisha akakipatia kazi nyingine. Manamba, kibarua wa shambani, ambaye hakutimiza mafungu yake ya mkonge alisimamishwa uani kwa meneja, akashikishwa kiti kwa kidole kimoja, mkono umenyooka, mpaka jua lizame. Wenzake walicheka mwanzoni. Adhabu gani hii, kiti chenyewe mtoto anakibeba? Kicheko kiliisha kabla jua halijafika utosini. Nyapara alisimama nyuma, na kazi yake ilikuwa kusema neno moja.

Nyapara huyo alikuwa Yared, kijana bado.

Siku moja walimshikisha mkata mkonge aitwaye Rafaeli, Mnyamwezi, aliyeamka na homa. Alishika tangu asubuhi. Jua lilipozama akafa amesimama, na mkono haukukunjika tena, hata kwa maji ya moto, hata kwa watu wawili kuukandamiza. Walimchimbia kaburi pana na kumzika hivyohivyo, amenyoosha. Meneja aliporudi kwao alimwachia Yared kiti kwa utumishi mwema.

"Jioni ya kwanza hukaa tu," alisema Bi Katarina. "Anawatazama walio ndani ya nyumba. Anachagua mkono. Jioni ya pili anaanza. Mume wangu alishika miaka yote ya ndoa yetu, na Rafaeli nyuma yake. Akichoka, mimi nilimpokea. Mwingine anaweza kupokea, ilimradi kisiguse chini."

Nikamuuliza kwa nini hawakukichoma. Akasema walikichoma, mara moja, jioni walipokuwa wamechoka na maisha. Asubuhi kilikuwa barazani, kizima. Na mtoto wao wa kwanza, Nikolaus, alikuwa amekufa kitandani, mkono mbele, shuka limesimama juu yake. Fundi wa jeneza ilibidi aongeze mbao ubavuni. Alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mchele.

Kisha akaniuliza, "Huko kwako, nani anasema?"

"Mzee Yared."

Ungo ukasimama. "Bado anakohoa?"

"Anakohoa, mama."

Akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Dawa yake ilibaki hapo dirishani, hakuimaliza." Akatazama dirishani. "Basi Rafaeli kapumzika. Zamu ya kusimama nyuma ni ya aliyekufa nacho."

Nilimwambia kiti nimekirudisha, naondoka, anisamehe. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Kitu cha mtani hakirudi. Ukikishusha hapa, jioni utakikuta kwako, na utakuwa umemkasirisha. Sisi tulijaribu kukiuza. Tulijaribu kukigawa. Kilirudi. Lazima mtani akichukue mwenyewe, msibani, kwa mkono wake, akicheka. Mtani ndiye anayeondoa uchafu wa kifo nyumbani, hujafundishwa?"

"Na mzee alijua nitakuja."

"Alikuona unavyokitazama. Akaniambia, siku nikifa yule binti wa Kinyamwezi msimzuie mlango."

Nikamwita mchawi. Nikamwita mengine ambayo siwezi kuyaandika. Alinisubiri nimalize.

"Nina wajukuu, Anitha," akasema.

"Kwa hiyo mpaka kwangu pawe na msiba."

"Mpaka kwako pawe na msiba."

"Wa nani?"

Akarudi kwenye ungo wake. Pumba zikapeperuka. "Mle ndani mnaishi wangapi?"

"Wawili."

Alinifungia kunde kwenye gazeti, za kwenda nazo njiani, na mimi nikazipokea kwa mikono miwili kama nilivyolelewa.

Nilimsimulia Ditram karibu yote. Rafaeli, nyapara, jioni ya kwanza na ya pili, Nikolaus. Akaniuliza kama hakuna njia ya kukiondoa. Nikasema hakuna. Akauliza kama mtu mwingine anaweza kumsaidia kushika. Nikasema aliyechaguliwa ndiye. Akatikisa kichwa, akasema kama ni hivyo atashika yeye, afadhali yeye kuliko mimi. Ndivyo alivyo. Hana kilichozidi.

Nampenda mume wangu, nalisema bila haya. Lakini mtu na roho yake. Yeye kanizidi umri, nilijiambia, na ana presha. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilitaka wa kwangu ale peke yake.

Basi mvua zikaja, zikaisha, na kila jioni Ditram alisimama uani kati ya mashuka. Nilimkanda bega kwa mafuta ya karafuu. Nilimpikia uji wa ulezi na supu ya kongoro. Mkono ule ulikonda mpaka saa ya mkononi ikawa inamzunguka, huku wa kushoto umebaki wa mwanaume. Hakuweza tena kushika usukani, tukaajiri dereva. Mimi jioni nilikuwa nafungua redio jikoni, kwa sauti, ili nisisikie lile neno. Nililisikia hivyohivyo.

Na nikaanza kuwakaribisha Wangoni. Wapogoro na Wangoni wanataniana, na madereva wa malori ya Songea hawakosekani Mikumi. Mmoja, mcheshi mwenye tumbo, alikuwa akilala kwangu kila safari, akimwita Ditram mtumwa na kumnyang'anya soda. Nikampeleka mapokezi, nikamwonyesha. Akakiinua kwa kidole, akacheka, akauliza bei. Nikamwambia hakiuzwi, lakini akitazame vizuri. Alikitazama. Nikaona ile njaa ikimwingia machoni, na nikalala vizuri usiku ule, usingizi wa mtu aliyelipa karo.

Siku moja Ditram alikwenda Kilosa na dereva kupokea wageni wa treni. Alichelewa, akarudi jioni imekaribia, akashika kiti chake. Baada ya hapo nilimwona amebadilika. Hakukasirika. Alinishukuru kwa chai. Ila alikuwa ananitazama kwa utulivu, kipande kwa kipande, namna mimi ninavyotazama kitu kabla ya kuamua kama kina kazi.

Jumamosi moja nikatoka sokoni, nikasikia kicheko mapokezi. Alikuwa Mwanvua, Mluguru muuza vitenge wa Kilosa, mtani wangu wa miaka mingi, ambaye hajawahi kukosa msiba wa Mnyamwezi hata mmoja wilaya nzima. Ditram alikuwa amemtuma dereva amfuate. Alikuwa amemwekea juisi, na anamweleza habari za kiti, miguu, ususi, ule mpindo wa egemeo, kwa maneno mengi kuliko aliyonipa mimi tangu tuoane. Yalikuwa maneno yangu yote. Sikujua kwamba alikuwa ananisikiliza.

Mwanvua alikuwa amekining'iniza kiti kidoleni. "Mtani, mumeo mchoyo," akaniambia. "Nimetaja kila bei, hataki."

"Hakiuzwi," alisema Ditram. Hakuwa anamtazama Mwanvua.

Nilicheka, maana mtani hukaa na mtani kwa kucheka. Nilimsindikiza mpaka garini, nikamfunga kilemba vizuri, nikamwambia asipotee. Niliporudi Ditram alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, mkono wake mbovu mapajani, kiti kimesimama kati yake na mimi. Nje malori yalikuwa yameanza kuwasha taa.

"Mama Katarina anakusalimu," akasema. "Kumbe alikuwa anampokea mumewe."

Nikautazama mkono wake mbovu.

"Leo nipokee."

Nikanyoosha kidole. Kwanza hakikuwa na uzito hata kidogo, nikafikiri labda mimi kitanihurumia. Kisha bega likaanza kuungua, na baada ya bega shingo, na kidole nikawa sikisikii tena. Mkono ulitaka kushuka, kidogo tu. Ikaja harufu. Ikaja pumzi kwenye kisogo changu, baridi, karibu kabisa, ya mtu anayejiandaa kukohoa. Ditram alikaa palepale kwenye benchi, ananitazama. Hakupepesa macho mpaka giza liliposhika.

Siku hizi tunashika kwa zamu, leo yeye, kesho mimi, na hakuna anayempunja mwenzake. Mngoni anapita, Mwanvua anapita, wote wanakisifia kiti na wote tunawakatalia. Wageni wanasema nyumba yetu imetulia. Kweli imetulia. Hatugombani, hatupandishi sauti, na Jumapili tunakwenda kanisani tumevaa vizuri.

Ila jikoni kuna majiko mawili. Kila mtu anapika chakula chake, na anapotoka, hata kwenda chooni tu, anabeba sufuria lake.